Stima Imepotea

Usiku wangu wa kwanza Nairobi taa zilizimika ghafla, na mtu akapiga kelele kwenye korido: "Stima imepotea!"

Nilikuwa nimefika jioni hiyo kwa basi kutoka Mwanza. Musoma, Tarime, foleni ya kugongewa mihuri pale Sirari, ukivuka uko Isebania, halafu Migori, Kisii, Narok, mpaka miguu ikavimba na viatu vikakataa kuvalika. Huo ulikuwa mwaka 2016. Dada yangu, ambaye ameolewa huko, alikuwa jikoni ananipashia chakula. Niliposikia ile kauli nilisimama wima gizani. Bibi yangu, mzaliwa wa kando ya ziwa, meli zote anaziita stima. Na nilikuwa na miaka minane MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kuingia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Watoto wa Mwanza wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kupotea.

"Stima gani?" nikamwuliza dada. "Ilikuwa inatoka wapi?"

Akacheka hadi akaweka sufuria chini. "Umeme, wewe! Huku umeme ndiyo stima."

Na kwao haukatiki. Unapotea, kama mtoto sokoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi ya Julai, kwa vibaka na kwa kodi ya nyumba. Kwa Kiswahili sikujiandaa, maana nani hujiandaa kwa lugha anayoiotea ndoto? Wanaokwenda Ulaya hubeba kamusi. Mimi nilibeba majivuno. Tunao ule utani wetu kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo, na mimi nilivuka mpaka nikijiona kama nesi anayekwenda wodini.

Kazi yangu ni ususi. Nilipata kiti kwenye saluni moja Umoja, upande wa Eastlands (makaratasi ya kibali yalinitoa jasho, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine). Siku ya pili tu akaingia msichana, akaketi, akatupa mkoba mapajani na kusema: "Siz, leo nataka luku mpya."

Nikatazama ukutani. Kwetu luku ni mita ya umeme wa kulipia kabla, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na kununua luku ni kununua umeme. Nikadhani umeme umeisha na mimi mgeni ndiye naambiwa. Nikamjibu kwa adabu zote, "Samahani dada, mambo ya luku ni ya bosi. Mimi ni msusi tu."

Akanitazama kupitia kioo. "Si wewe ndio utanifanyia?"

"Hata mita yenyewe sijui ilipo."

Saluni nzima ikanyamaza, hata mashine ya kukaushia nywele nadhani ilinyamaza. Kumbe luku kwake ni muonekano: nywele, nguo, viatu, mtu mzima alivyotokelezea. Umeme wa kulipia kabla wao huununua kwa jina la tokeni. Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, stima imepotea na luku inatafutwa, na bado nilikuwa sijasuka kichwa hata kimoja bila kuuliza mara tatu.

Maneno ya kazi yenyewe yalikuwa mtihani wa pekee. Mteja akisema "nisonge matuta" mimi niliona shamba na jiko kwa pamoja, kwa sababu kwetu Usukumani kinachosongwa ni ugali na matuta ni ya viazi vitamu. Huko kusonga ni kusuka, na matuta ni mabutu manene ya haraka haraka. Mimi nami sikuwa salama. Nilimwambia mama mmoja, mteja mzuri tu, "Nikusuke twende kilioni?" Kwetu ndilo jina la ile mistari rahisi inayorudi nyuma, na mtoto wa shule anaijua. Yule mama aligeuka na kitana kikiwa bado kichwani.

"Woi! Nani amekufa?"

Nilimwomba radhi. Ikabidi nimhakikishie mara mbili kwamba hakuna msiba, na hakurudi kwangu mpaka baada ya Pasaka.

Halafu pesa. Mteja ananiambia "niko na soo tatu pekee" na mimi namwonea huruma, kwa sababu kwetu soo ni balaa, ni aibu ya hadharani. Mtu mmoja kuwa na soo tatu kwa siku si jambo dogo. Alikuwa anasema ana shilingi mia tatu. Mimi nikitaja bei nilisema "buku", yaani elfu moja, na wao wakauliza buku gani, kwa sababu kwao buku ni daftari. Elfu ni thao. Hamsini ni finje, ishirini ni mbao. Niliziandika nyuma ya kalenda ya ukutani, na bosi akaniambia nisihangaike kuzikariri sana, zitabadilika kabla sijamaliza.

Dukani niliumbuka kivingine. "Naomba sukari nusu kilo," nikasema, kama nilivyofundishwa tangu nikiwa naagizwa dukani na kopo mkononi. Mwenye duka, kijana mchangamfu, akaniuliza, "Unaomba ama unanunua?" Watu watatu nyuma yangu wakacheka. Na pale pale mmoja wao akanipita, akanyoosha mkono, "Nipe maziwa mbili," akapewa, akaondoka, mimi bado nimesimama na samahani yangu. Nilikuja kuona kwamba heshima yangu ilikuwa inanirudisha mwisho wa foleni karibu kila mahali. Kwenye matatu nilimwambia kondakta "naomba unishushe kituoni" akaniuliza kama nimeibiwa, maana kituo alichokielewa ni cha polisi. Pale ni steji. Unasema "steji shukisha" kwa sauti ya mtu asiyeomba chochote.

Lakini kuna moja lililoniuma kidogo, nalo ni pole. Mwenzangu wa kiti cha pili, mzaliwa wa Murang'a, alikuwa amesimama tangu saa moja asubuhi anasuka kichwa cha nywele ndogo ndogo zile za kumaliza siku. Jioni nikamwambia, "Pole na kazi."

Akaacha kusuka. "Pole ya nini? Kwani nimefanyiwa nini?"

"Hapana, pole tu. Kwa kazi."

"Lakini kazi ni yangu."

Sikuwa na jibu. Ukikulia na "pole na kazi", "pole na safari", "pole na majukumu", hujui kwamba unasema kitu. Ni kama kukohoa. Kwake pole ilikuwa ya mtu aliyefiwa au aliyekanyagwa mguu, na mimi nilionekana namsikitikia kwa kuwa msusi. Tulikaa siku mbili tukiongea kwa tahadhari. Siku ya tatu, mvua imetunyeshea wote tukienda kazini, akanitazama kichwa kilivyolowa na kusema, "Haya, pole na mvua." Alilisema kama mtu anayeonja chakula cha kigeni kwa ncha ya ulimi. Mpaka leo ananisalimia hivyo, pole na Jumatatu, pole na foleni, pole na bosi.

Neno lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa dogo: juu. "Sikukuja jana juu mtoto alikuwa mgonjwa." Nikawa nasubiri amalizie, juu ya nini? Juu ni "kwa sababu", basi. Mwanzoni nililiona kosa la wazi, kosa la mtu asiyesoma. Nilipokaa nalo nikakumbuka kwamba hata sisi husema watu wamegombana juu ya shamba. Njia ni ile ile, wenzetu wameenda nayo hatua mbili mbele na kuangusha mzigo wa "ya" njiani. Baada ya hapo nikaacha kusikia makosa, nikaanza kusikia mwendo wao. "Ama" panapokaa "au" yetu. "Wacha" panapokaa "acha". "Venye" panapokaa "jinsi". Havikuwa vimeanguka ovyo ovyo. Kila mtu aliviweka mahali pale pale.

Sokoni ndiko nilikocheka peke yangu. Dagaa wangu wa Mwanza niliwakuta wanaitwa omena. Sato anaitwa ngege. Sangara, mbuta. Ziwa ni hilo hilo moja na samaki hawana pasipoti, ila akivuliwa upande huu ana jina hili na akivuliwa upande ule ana jina lile. Choroko ni ndengu, magimbi ni nduma, na giligilani ni dhania. Nilizoea kununua kwa kidole kabla sijazoea kununua kwa mdomo, na sioni aibu kusema hivyo. Mgeni akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia aanzie sokoni. Muuza mboga anakupa jina la kitu ukiwa unakiona kwa macho, na hakuchoki madamu unanunua.

Sasa niseme la aibu, maana hapa juu nimejieleza kama mwenye Kiswahili chake safi.

Mimi ni Msukuma, na kwetu r ni herufi ya wageni. Nilipokuwa Dar es Salaam nikijifunza kusuka, wenzangu walinigeuza burudani ya mchana. "Hebu sema reli ya kati." Nikisema "leli" wanaanguka chini. "Sema rangi nyekundu." Wanashikana mabega. Sikuwahi kugombana nao, nilicheka pamoja nao, ila nikajifunza kukwepa. Badala ya rafiki nikasema mwenzangu. Badala ya nzuri nikasema safi. Mteja akiingia sikusema karibu, nilipangusa kiti kwa taulo na kutabasamu, na bosi wa huko akanisifu kwamba nina ukarimu wa vitendo. Miaka miwili nilizunguka herufi moja kama mtu anayeuzunguka uwanja wenye mbwa.

Nairobi hakuna aliyeisikia. Hakuna! Nikisema "inamisha kichwa kidogo, mpenzi" mteja anafumba macho. "Ongea tena," wananiambia. "Kiswahili ya TZ ni tamu." Wakaanza kuniita TZ, "nataka nisongwe na yule TZ", na mimi niliyechekwa kila siku nikawa mwalimu wa lugha bila kuomba kazi. Sikukanusha. Nilionja ule utamu na nikaumeza.

Ulikwama kooni siku mama mmoja aliponiletea mwanawe wa darasa la sita. Mtoto alikuwa na kazi ya nyumbani ya Kiswahili, na mama akaona bahati imemwangukia: atasukwa huku mtoto anasaidiwa na mwenye lugha. Mtoto akafungua daftari.

"Ukuta uko katika ngeli gani?"

Nikasema ukuta, kuta.

"Najua. Ngeli gani?"

Sikujua. Mimi nasema "ukuta huu" na "kuta hizi" bila kufikiri, kama ninavyopumua, lakini jina la ngeli sikuwa nalo. Mtoto akaniandikia mwenyewe, U-ZI, akaniongezea na A-WA na KI-VI kwa huruma. Kisha akanitajia methali saba mfululizo za kuanzia insha. Huyu ndiye mgonjwa niliyekuja kumhudumia.

Na yule mwenzangu wa Murang'a? Kikwao hakina l. Kwa hiyo yeye husema "rakini" na "reo", na alichekwa kwa hilo shuleni kama nilivyochekwa mimi Dar. Tuligundua siku ambayo mteja alileta chupa ya rilaksa yake mwenyewe na kuuliza kama ni nzuri. Mimi nikasema, "Hii lilaksa siijui." Mwenzangu akadakia kutoka kiti cha pili, "Hiyo riraksa inachoma." Mteja akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaangalia maandishi ya chupa, akatutazama tena. Lile neno lina r moja na l moja. Kati yetu wawili tulikuwa nalo lote.

Tulicheka siku hiyo mpaka dawa ikakaa kichwani mwa mtu dakika zaidi ya zilizoandikwa. Tangu hapo nimeacha kukwepa. Nasema "kalibu" kwa sauti, na mtu akitaka kucheka kiti kipo, akae acheke vizuri.

Nilifanya pia kosa ambalo kila mgeni hulifanya akishaanza kusikia: nilijiona nimefika. Nilikuwa nimeokota maneno kwa makondakta na vijana wa kuosha magari, nikawa nayatumia kama mtu mwenye viatu vipya. Akaingia mke wa mchungaji, mama wa makamo, kitambaa kimekaa sawasawa. Nikamchangamkia: "Niaje mathe!"

Bosi alinivuta nyuma ya pazia. "Hiyo ni ya mamako ama ya vijana wa mtaa. Huyu ni mama wa kanisa." Na si kwamba ningemwamkia shikamoo ingesaidia, hilo nililijaribu na mteja mwingine mwenye miaka kama arobaini, akaniuliza kama anaonekana mzee kiasi hicho. Nilichotakiwa kusema ni "habari yako mama", basi, jepesi, lisilo na rangi. Maneno ya mtaani yana umri na yana mlango. Unaweza kuyaelewa yote na bado usiwe na ruhusa ya kuyasema hata moja. Mpaka leo nasikia Sheng vizuri kuliko ninavyoisema, na naona hiyo ndiyo hali sahihi kwa mtu wa umri wangu aliyeingia mjini na begi.

Ofisini mambo yaligeuka upande mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Pamoja na hayo, kwenye dirisha moja nilisalimia kwa Kiswahili nikajibiwa kwa Kiingereza, na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kwetu mtu akitaka kuonyesha jambo limekuwa zito, Kiswahili chake kinanyooka na kurefuka. Huku jambo likiwa zito wanahama lugha. Kile kile kilichoitwa kitamu saluni, dirishani kilinifanya nionekane sikusoma.

Mwaka 2019 mpwa wa bosi aliolewa Mombasa, Mji wa Kale, na tulishuka kwa treni kwenda kumpamba. Nilijua huko nitakuwa nyumbani. Pwani, shikamoo inaitikiwa marahaba, watu wanaongea kwa kituo. Tukaingia kwenye nyumba ya wenyewe, mama mmoja mzee sana amekaa kwenye mkeka, akaniona nimesimama mlangoni na kuniita: "Ndoo!"

Nikaangaza macho, nikaiona ndoo ya plastiki kando ya ngazi, nikamletea.

Chumba kikalipuka. Na mimi, kwa aibu, nikaanza kucheka nao nikiwa nimeishika ndoo yangu. Yule mama akanikazia macho na kuniuliza, "Mbona wateka?"

"Bado sijateka, mama," nikamjibu. "Bomba liko wapi?"

Kwa Kimvita ndoo ni njoo, na kuteka ni kucheka. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, mchele ni mtele, macho ni mato. Ananiita nikae, mimi namletea ndoo. Ananiuliza kinachonichekesha, mimi naulizia maji. Bibi harusi aliharibu wanja wake wote kwa machozi ya kicheko na ikabidi nianze upya jicho la kushoto.

Jioni baba wa nyumba ile, mwalimu mstaafu, alinieleza taratibu huku akimenya chungwa. Kwamba mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana hapo hapo Mombasa, wakachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, kilichokuwa na washairi wake akina Muyaka bin Haji tangu karne ya 19 ikiwa changa, kikabaki nje ya mlango wa kikao kilichofanyika nyumbani kwake. Hakuwa na hasira. Alisema tu "nyinyi watu wa bara", na mkono wake ulituzungushia duara moja, mimi na mwenzangu wa Murang'a, TZ na rakini, kapu moja.

Sijausimulia tena ule utani wa mgonjwa na kaburi. Jirani yangu wa ghorofa ya pili ametoka Bukavu. Anasema "bitu" na "batoto", na ndani ya Kiswahili hicho anawaimbia watoto wake wakalala, anapigania bei ya mkaa na anasali kwa sauti saa kumi alfajiri nikamsikia kupitia dari. Kaburi sijaliona.

Kwa bibi yangu nilikuwa napiga simu kila Jumapili. Hapo nako kulikuwa na kisa chake: mara ya kwanza nilipowaambia wateja "samahani, naongea na bibi yangu mara moja", saluni iligeuka yote. "Uko na bibi?" Huko bibi ni mke. Aliyemzaa mamako ni nyanya, au shosho. Kwa hiyo mke ni bibi, bibi ni nyanya, na nyanya ya kwenye kachumbari nayo ni nyanya. Nilipomsimulia, bibi alisema mimi nimwite vyovyote, ila nisimkatekate.

Nilipokwenda likizo Mwanza walinikamata. Nilimwambia mdogo wangu "nipe chumvi" mezani, mama akaweka kijiko chini na kuniuliza nimejifunza wapi kuamrisha watu. Nikasema nimechelewa kuamka juu nilichoka, wakauliza juu ya nini, juu ya kitanda? Watoto wa kaka wakaniita shangazi Mkenya siku zote kumi. Nami niliona ajabu, maana Nairobi bado ni TZ.

Usiku mmoja baadaye, nimesharudi kazini, tulikuwa tunaongea na bibi simu ikazima. Kesho yake asubuhi nikampigia kabla hajaanza kununa.

"Mbona ulinikatia?"

"Chaji, bibi. Nilishindwa kuchaji. Stima ilipotea usiku kucha."

Hakujibu. Nikasikia redio yake nyuma, na jogoo, na mtu anafagia uwanja. Nikaangalia simu nikidhani imekata tena.

Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto: "Ilikuwa na watu wangapi?"